Juma Liko Mikononi mwa Nani?

Mhadhara kuhusu saa za kazi, mpango wa siku na maisha baada ya kustaafu



Nimeombwa nizungumzie saa za kazi na maisha ya mstaafu. Kwa desturi yetu mambo haya mawili hupewa vikao viwili. Saa za kazi husemwa Mei Mosi, uwanjani, chini ya mabango ya vyama vya wafanyakazi. Kustaafu husemwa kwenye semina za watumishi waliobakiza miezi michache, na wanaosimama kuzungumza huwa ni maofisa wa mifuko ya pensheni na wa benki. Jioni hii nayaweka katika kikao kimoja, kwa kuwa naamini ni jambo moja. Uzee wa mtu huanza kutengenezwa katika juma lake la kazi, miaka mingi kabla ya siku ya kuagwa kwa keki na cheti.

Tumezoea kuulizana, "Unafanya kazi saa ngapi?" Ni swali la haki. Lakini lipo jingine ambalo hatuulizani, nalo ndilo nililokuja nalo: juma lako liko mikononi mwa nani? Ni nani anayeamua uamke saa ngapi, ule lini, ulale lini, na siku gani uende kumjulia hali mama yako? Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hili la pili linaeleza mengi ambayo hesabu ya saa peke yake haiwezi kuyaeleza.

Sheria inavyosema

Juma lina saa 168, kwa rais na kwa mchoma mahindi. Tuone kwanza sheria inavyozigawa.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamzuia mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku 6 kwa juma, saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika majuma manne, na ilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe saa nzima ya mapumziko. Kati ya kutoka kazini na kurudi kesho yake zipite saa 12. Kila juma awe na saa 24 mfululizo ambazo ni zake. Anayefanya kazi kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi aongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Na kila mwaka apate likizo ya siku 28. Kwa jirani zetu wa Kenya, amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 katika siku sita, na sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatoa likizo ya siku 21 za kazi.

Tarakimu hizi zina jasho na damu ndani yake. Mafundi wa kujenga kwa mawe wa Melbourne waliweka nyundo chini mwaka 1856 wakidai siku ya saa nane, wakaipata. Wafanyakazi wa Chicago walipodai hivyo hivyo Mei 1886, madai yao yaliishia kwenye risasi na vitanzi, na kwa ajili yao tunaadhimisha Mei Mosi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Washington, na mkataba wake wa kwanza kabisa ukaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Kwa hiyo mtu akikwambia saa za kazi ni suala la uvivu na bidii, mwambie ni suala ambalo watu walilifia.

Sasa tupige hesabu. Katika saa 168 toa 45 za sheria. Toa tena 56, yaani usingizi wa saa nane kila usiku. Zinabaki saa 67, nyingi kuliko saa za kazi zenyewe. Kwa mujibu wa maandishi, basi, sehemu kubwa ya maisha ya mfanyakazi akiwa macho ni mali yake. Tuwaendee watu wenyewe tuone kama ndivyo.

Majuma ya watu wanne

Naanza na mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mwalimu wa shule ya msingi anafika kabla wanafunzi hawajaitwa namba, na akiwa wa zamu anafika mapema zaidi. Kazi inayoonekana inaishia mchana wanafunzi wanapotawanyika. Isiyoonekana inaanza hapo. Chukua darasa la wanafunzi 80, ambalo kwetu si la ajabu. Dakika moja kwa kila daftari, mazoezi matano kwa juma: hizo ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40, kwa somo moja tu. Ongeza andalio la somo, azimio la kazi na vikao na wazazi. Hata hivyo, mwalimu ana vitu vitatu ambavyo wengi nitakaowataja hawana. Anajua atatoka saa ngapi. Anajua mshahara utaingia lini. Anajua mwaka atakaostaafu tangu siku anayojaza fomu za kuajiriwa.

Wa pili ni mlinzi. Anayesimama getini usiku, aliyetufungulia mlango tulipoingia hapa, kwa kawaida yuko katika zamu ya saa 12. Akishika lindo siku sita, ni saa 72. Sheria ilisema 45, amezidisha 27. Katika majuma manne amezidisha saa 108, zaidi ya mara mbili ya zile 50 ambazo sheria inaziruhusu kwa malipo ya ziada. Waajiri wengine hujitetea kwamba sheria inaruhusu zamu ya saa 12. Kweli inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa siku zisizozidi 5 na saa zisizozidi 45 kwa juma, na juu yake nyongeza isiyozidi saa 10. Popote unapoishika sheria hii, saa 72 hazipatikani ndani yake.

Tumpigie hesabu yake. Katika 168 toa 72 za lindo, toa 12 za njiani, maana mwenye mshahara mdogo hupanga mbali. Toa 49 za kulala saa saba, tena mchana, katika chumba cha kupanga chenye kelele za watoto na redio ya jirani. Amebaki na saa 35, tano kwa siku, za kuoga, kula, kufua, kusali, kuangalia daftari la mtoto, kwenda hospitali na kuzika. Huyu juma lake limeshikwa na mwajiri, na mwajiri analishika kwa nguvu kuliko sheria inavyomruhusu.

Wa tatu ni dereva wa daladala. Ukimtazama utadhani ni mtu huru: hana ofisi, hana bosi mbele yake, redio inaimba. Lakini gari lina tajiri, yaani mwenye gari, na tajiri ana hesabu yake, kiasi anachotaka aletewe kila siku. Kwanza itoke hesabu, kisha mafuta, kisha faini za barabarani na pesa za kituoni. Kinachobaki ndicho cha dereva na kondakta. Kwa hiyo anayepanga saa za dereva ni hesabu. Siku ya foleni au mvua, hesabu haipungui; zinazoongezeka ni saa. Anayetoka saa 11 alfajiri na kulaza gari saa 3 usiku amefanya saa 16, na kwa siku sita ni 96. Akiugua, deiwaka, yaani dereva wa kushikiza, anashika usukani, na mwenye zamu analala na njaa yake. Madereva wa mabasi walipogoma nchini Tanzania mwaka 2015, moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Abiria tuliochelewa siku zile tulikasirika sana, lakini mtu asiye na mkataba hana saa ya kutoka, hana likizo, na hana siku ya kustaafu.

Wa nne ni mama lishe. Moto wake unawaka kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sababu fundi na mpiga debe wanataka supu na chapati kabla hawajaanza kazi. Mchana ni wali na maharage. Alasiri anaosha masufuria, anakwenda sokoni kununua vya kesho, na jioni anarudi nyumbani kupika tena, safari hii bila kulipwa. Kenya ilipofanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa wa matumizi ya muda, mwaka 2021, ilionekana kwamba wanawake hutumia katika kazi za nyumbani na za ulezi zisizolipwa karibu mara tano ya muda wanaoutumia wanaume. Nani kati yetu hapa alihitaji uchunguzi kuamini hilo? Na bado tunapotaja saa za kazi, tunazitaja kana kwamba zinaishia mlangoni pa nyumba.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuwapanga watu hawa kwa wingi wa saa tu kutatupotosha. Mama lishe ana saa nyingi kuliko mwalimu. Lakini akifiwa, anafunika masufuria anaenda msibani, haombi ruhusa kwa mtu. Atalipa kwa kukosa mauzo, pengine na mtaji ukaliwa, lakini uamuzi ni wake. Mwalimu mwenye saa chache lazima aandike barua ipitie kwa mwalimu mkuu. Na dereva anayeonekana huru kuliko wote ndiye aliyefungwa na hesabu. Wingi wa saa ni jambo moja, na mamlaka juu ya saa hizo ni jambo jingine. Mtu anaweza kunyimwa moja, au jingine, au yote mawili.

Anayenyimwa yote mawili yuko karibu nasi kuliko hao wanne. Ni binti wa kazi aliye majumbani mwetu, awe Tanga, Nairobi au Muscat. Analala ndani ya mahali pake pa kazi. Mtoto akilia saa 8 usiku, ndiye anayeitwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, namba 189, ulilielewa jambo hili vizuri. Unasema saa ambazo mfanyakazi hayuko huru kuzitumia atakavyo, kwa kuwa anatakiwa abaki tayari kwa ajili ya wenye nyumba, nazo zinapaswa kuhesabiwa kuwa saa za kazi. Na unampa saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Kwa kipimo hicho, wangapi kati yetu tunaokwenda kwenye semina za haki za wafanyakazi tumewaacha nyumbani watu ambao juma lao zima ni kazi?

Tulivyofika hapa

Wazee wetu hawakuzaliwa na juma la siku sita za kwenda kwa mwajiri. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua alipewa kipande cha siku 30. Kila siku aliyofanya kazi iliandikwa, na kipande kilipojaa ndipo alipolipwa. Siku ambazo hakwenda kondeni alikwenda kwenye shamba lake, au alipumzika. Bandarini Mombasa, kwa miaka mingi, mchukuzi wa mizigo alikuwa kibarua wa siku: alikwenda meli ilipokuwapo na aliposhikwa na haja ya pesa, kisha akarudi kwenye minazi na mihogo yake. Mabwana wa kikoloni waliuita huo uvivu. Kwa kweli ulikuwa umaskini wenye kitu kimoja cha thamani ndani yake: mtu alikuwa amelishika juma lake.

Hapo msije mkadhani nausifu ukoloni au ukibarua. Ujira ulikuwa wa kudhalilisha, na nyumba hazikuwapo. Ndiyo maana Mombasa iligoma Januari 1947, na bandari ya Dar es Salaam ikagoma mwaka huo huo. Baada ya misukosuko hiyo serikali na makampuni ya bandari yaliazimia kumaliza ukibarua. Walitaka mfanyakazi wa kudumu, anayefika kila siku, na badala yake wakakubali kumpa ujira wa uhakika. Baada ya uhuru ikaja mifuko ya akiba ya uzeeni: Tanzania mwaka 1964, Kenya mwaka 1965.

Ndivyo yalivyofanyika mapatano makubwa ambayo watoto wa leo wameyakuta. Mfanyakazi alimkabidhi mwajiri juma lake, naye akaahidiwa uhakika: mshahara wa mwezi, matibabu, likizo, na mwisho wake pensheni. Mwalimu aliyapata mapatano hayo kamili. Mlinzi wa leo amekabidhi zaidi ya juma alilokabidhi mwalimu, na uhakika aliopewa ni kidogo mno. Dereva amekabidhi saa 96 na hajapewa ahadi yoyote. Mapatano yamebaki upande mmoja, na hilo ndilo linalonikera zaidi ya urefu wa saa zenyewe.

Jumatatu ya kwanza

Sasa nije kwa sisi tuliopata mapatano kamili. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65. Kenya nao wanastaafu utumishi wa umma wakiwa na 60. Tunauona umri huu kama amri ya maumbile, lakini kustaafu kwa pensheni ni jambo jipya duniani. Ujerumani ilipotunga sheria yake ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889 iliweka miaka 70, na ilipofika 1916 ikashusha hadi 65. Babu wa babu zetu hawakustaafu. Walipunguza mzigo kidogo kidogo, jembe likaenda kwa vijana, na wao wakabaki na ushauri, mifugo na wajukuu.

Kwetu mzigo hushuka kwa siku moja. Jumapili wewe ni mwalimu mkuu, Jumatatu si chochote. Saa 45 za kazi, pamoja na kumi hivi za njiani na za kujiandaa, zinarudishwa kwako zote kwa pamoja: 55 kwa juma, zaidi ya 2,800 kwa mwaka. Nchi nzima imejadili kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Tulikijadili mwaka 2018 hadi Rais Magufuli akarudisha utaratibu wa zamani Desemba ile, tukakijadili tena mwaka 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, ulipowekwa asilimia 33, na tena bajeti ya mwaka 2024/25 ilipoupandisha. Mjadala ule ulikuwa wa haki, maana mafao ni mshahara uliocheleweshwa, si zawadi. Lakini kuhusu zile saa 2,800 sijasikia mjadala. Tumepigania sana mkupuo wa fedha, na mkupuo wa muda tumeuacha umwangukie mtu akiwa peke yake.

Nimeona unavyowaangukia. Wanaume wenzangu wengi huendelea kuamka saa 11 alfajiri, kuvaa na kukaa barazani, wakisubiri kitu kisichokuja. Wengine hurudi shuleni kusalimia, mara ya kwanza wanapokelewa kwa shangwe, mara ya nne wanaonekana kero. Wengine huitisha taarifa ya kila kitu kutoka kwa wake zao, wakaigeuza nyumba kuwa ofisi. Kisa chake ni kwamba kwa miaka 35 kengele ya shule iliwapangia siku, na hawakupata kujifunza kuipanga wenyewe.

Wanawake husumbuliwa na jingine. Mwalimu wa kike akistaafu, anaacha kazi moja kati ya mbili. Ile ya pili inaongezeka siku hiyo hiyo, kwa sababu watoto wake wote wanasema, "Mama sasa yupo nyumbani," na wajukuu wanaletwa. Nawajua walimu wa kike walioniambia kwamba juma lao la kustaafu ni refu kuliko lile la kazini. Tena wao hukosa hata faraja ya kuonewa huruma, kwa sababu wana shughuli na mtu mwenye shughuli hudhaniwa ana furaha.

Nani basi anayestaafu vizuri? Kwa nilivyoona, ni yule aliyekuwa na kipande cha juma mkononi mwake kabla ya kustaafu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, kwanza katika forodha, akihamishwa huku na huku. Vitabu tunavyojivunia aliviandika katika saa zilizobaki baada ya kazi ya watu. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima. Aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, na tangu 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi hadi kifo chake Oktoba 1999. Katikati ya shughuli hizo alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili. Kazi ile ya kalamu hakuianza uzeeni: Juliasi Kaizari ya Shakespeare aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka ambayo alikuwa akiongoza nchi changa. Hata akiwa na madaraka yale yote, kalamu yake hakuiacha.

Mtasema hao ni watu wakubwa. Haya, angalieni mtaani. Aliyekuwa akiimba kwaya ya Alhamisi, aliyekuwa katibu wa jumuiya ndogondogo ya Jumamosi asubuhi, aliyekuwa haikosi sala ya Ijumaa na baraza linaloifuata, mwenye kikoba, mwenye ekari mbili anazozitembelea kila mwisho wa juma: hao Jumatatu ya kwanza inawakuta na mahali pa kwenda. Walichokibakiza ni saa chache tu, na saa hizo ndizo zinazowapokea.

Raha yetu na juma la mwingine

Sasa nasema jambo ambalo pengine halitapendeza, na nalisema kwa upendo.

Mstaafu akipata mkupuo hushauriwa afanye biashara. Na biashara inayotajwa kwanza ni ipi? Gari la abiria, bajaji au bodaboda. Ananunua, anamkabidhi kijana, na jioni anasubiri hesabu. Siku hiyo, ndugu zangu, mstaafu amekuwa tajiri yule niliyemtaja. Zile saa 96 za dereva ndizo zinazolipia kiti cha barazani. Mwingine anajenga nyumba za kupangisha na kuweka mlinzi mmoja wa usiku, siku saba kwa juma. Mwingine analetewa binti kutoka kijijini ili mama apumzike, na hakuna anayeuliza binti atapumzika lini.

Nani atatetea saa za vijana hawa kama si sisi tulioishi chini ya kivuli cha sheria? Sisi tulijua maana ya likizo ya siku 28. Tulijua maana ya kutoka saa inayojulikana. Haifai tukanunua mapumziko ya uzee wetu kwa kumnyang'anya mwingine kile ambacho vyama vyetu vilikipigania kwa ajili yetu. Mwenye gari anaweza kuandika mkataba. Anaweza kupanga hesabu kwa siku sita na kumwachia dereva ya saba. Anaweza kumwandikisha katika mfuko, maana Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, haukuwekwa kwa ajili ya wenye ofisi peke yao. Mapato yake yatapungua kidogo, naam. Lakini alichopungukiwa ni kile ambacho hakikuwa chake.

Tunayoweza kufanya

Kwa aliye kazini na amefikisha miaka 50: chagua mchana mmoja katika juma, uwe wako, na uulinde kama unavyolinda akiba. Jifunze ufundi, lima, soma, fundisha madrasa, ingia kwaya. Usingoje barua ya kustaafu.

Kwa wanaume wanaokaribia kustaafu: zile saa 55 zikirudi, sehemu yake ni ya jikoni na ya wajukuu. Mke wako alifanya kazi mbili miaka yote hiyo. Ukishika moja ya kazi za nyumba kila siku, bila kuitwa, mtakuwa mmestaafu wawili.

Kwa vyama vya wafanyakazi: msiishie kwenye kima cha chini cha mshahara. Saa 72 za mlinzi ziingie kwenye madai yenu ya Mei Mosi, na maofisa kazi wasiishie kukagua viwanda mchana. Waende malindoni usiku, wasome madaftari ya zamu.

Kwa serikali zetu: mama lishe na dereva hawana mwajiri wa kuwachangia, na mwili wao unachoka kama wetu. Zanzibar ilionyesha njia Aprili 2016 ilipoanza Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wazee wa umri huo. Ni fedha kidogo. Lakini zinakubali kwamba mtu aliyelisha mji kwa miaka arobaini alikuwa kazini. Tanzania Bara inastahili kuufungua mjadala huu kwa uzito ule ule tulioupa kikokotoo.

Kabla hamjaondoka nawapa zoezi, maana mwalimu haachi tabia. Kesho chukueni karatasi, mpige mistari ya siku saba, muandike saa zote 168: za kazi, za njiani, za usingizi, za nyumba, za ibada. Pembeni ya kila fungu andikeni jina la anayeliamua. Mkimaliza, geuzeni karatasi, na upande wa pili mwandike juma la mtu mmoja anayewafanyia kazi, awe dereva, mlinzi au binti wa nyumbani. Kama hamwezi kuujaza upande huo bila kumuuliza, muulizeni. Na mahali ambapo jina lenu limejaa kwenye saa zake zote, mlifute, mwandike lake, kuanzia juma hili.